Kijana Mkristu na Deni Lake

Mafundisho kwa wakatekumeni juu ya Amri ya Saba

Sikilizeni kwanza mfano huu.

Katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganika alikuwapo kijana aliyekuwa katika mwaka wa pili wa mafundisho. Kila Dominika yeye ndiye aliyefika wa kwanza kapelani. Alifagia, akapanga mabenchi, akapiga ngoma ya kuwaita watu. Ghafula akakosekana. Dominika ya kwanza watu walisema, «Ana homa.» Dominika ya pili walisema, «Amekwenda ziwani.» Dominika ya tatu hawakusema neno, kwa maana walikuwa wamemwona asubuhi ile akipita nyuma ya kijiji, katikati ya mashamba ya muhogo, kama mnyama anayewindwa.

Kijana yule hakuwa na homa, wala imani yake haikuwa imepotea. Lakini njia ya kwenda kapelani ilipita mbele ya nyumba ya mama mmoja muuza ndagala, naye alikuwa na deni la mama yule.

Mambo yalianza kwa kitu kidogo. Rafiki yake alikuwa akioa, naye hakupenda kuonekana masikini mbele ya watu. Akaenda dukani, akachukua kwa deni shati, viatu na simu, vyote kwa franka 100,000, akaahidi kulipa mahindi yatakapovunwa. Mahindi yalivunwa, yakaliwa nyumbani, machache yakauzwa, na fedha ikaisha. Mwenye duka alipoanza kumwita mbele za watu, kijana akaona haya, akaenda mjini kwa mtu anayekopesha kwa riba. Akapewa franka 100,000, akalipa dukani, akarudi nyumbani akicheka. Alidhani amemaliza deni, kumbe amelibadilisha bwana tu.

Yule wa mjini alitaka riba ya franka 20,000 kila mwezi, mpaka siku zile 100,000 zitakaporudi zote pamoja. Mwezi wa kwanza na wa pili kijana alilipa riba kwa kazi ya kuvuta nyavu. Mwezi wa tatu na wa nne hakuwa na kitu, akamwendea mama muuza ndagala, akakopa franka 40,000 ili alipe riba. Basi miezi minne ilipopita, alikuwa ametoa franka 40,000 za jasho lake, naye alikuwa bado na deni la franka 140,000. Vitu vya franka 100,000 vilikuwa vimemfikisha kwenye 180,000, na shati lilikuwa limekwisha kupauka.

Wazee husema: kukopa harusi, kulipa matanga. Kijana yule aliujua msemo huu tangu utoto. Sasa aliujua kwa mwili wake. Na tazameni mahali deni lilipomfikisha: lilimnyima usingizi, likamfundisha uongo, likamwondoa kati ya ndugu zake wanaosali. Hata mchumba wake hakumwambia kitu. Ndiyo sababu yafaa mkatekumeni ajifunze jambo hili kabla ya Ubatizo na kabla ya ndoa.

DENI NI NENO LILILOTOLEWA

Kukopa si dhambi. Watu hukaa pamoja, mmoja ana leo, mwingine atakuwa nacho kesho. Kuazimana ni sehemu ya upendo wa majirani. Bwana Yezu mwenyewe, katika mafundisho yake mlimani, aliwaagiza wafuasi wake wasimgeuzie kisogo mtu anayetaka kukopa kwao.

Lakini anayekopa hachukui fedha tu. Huacha kitu nyuma yake, nacho ni neno lake. Alisema, «Nitalipa siku fulani,» na mwenzake akaliamini neno lile, akafungua mkono wake. Kwa hiyo deni lagusa amri mbili za Mungu. Lagusa amri ya saba, kwa maana anayeshikilia mali ya mwenzake wakati anaweza kuirudisha amekaribia kuwa mwizi. Lagusa na amri ya nane, kwa maana anayeahidi huku akijua hataweza kutimiza amesema uongo. Zaburi ya 37 yamweka mtu anayekopa asirudishe katika hesabu ya waovu. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakristu wa Roma, anawataka wasiwe na deni kwa mtu yeyote, isipokuwa lile la kupendana, ambalo halimaliziki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2411, yahesabu kulipa deni kati ya mambo yanayodaiwa na haki. Si fadhila anayomfanyia aliyemkopesha. Ni haki ya yule.

Hapa yafaa kupambanua. Yuko mtu asiyeweza kulipa, na yuko mtu asiyetaka kulipa. Wa kwanza amepatwa na ugonjwa, au mvua imekosa, au wavu wake umepasuka. Huyo ni masikini, wala Mungu hamhukumu kwa umasikini wake. Wa pili ana mbuzi zizini na fedha mfukoni, lakini kila akidaiwa hutoa visa vipya. Yoshua bin Sira aliwajua watu hao tangu kale: mtu akitaka kukopa huubusu mkono wa jirani na kusema kwa sauti ya unyenyekevu, siku ya kulipa ikifika, huchelewa, hulalamika, na mwisho humlipa mwenzake kwa matusi. Ndiyo maana wengi wenye mali wameacha kukopesha, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuogopa kupotezewa bure. Mdeni mmoja mwongo hufunga milango kumi mbele ya masikini waaminifu.

MAFUTA YA MJANE

Kitabu cha pili cha Wafalme, katika sura ya nne, chatoa habari ambayo kila kijana apaswa kuikumbuka. Mtu mmoja wa jamaa ya manabii alikufa, akaacha mke, watoto wawili wa kiume, na deni. Mwenye kudai akaja kuwachukua watoto wale wawili wawe watumwa wake. Tazameni jinsi deni lisivyozikwa pamoja na mwenye kukopa: baba amelala kaburini, na deni lake limesimama mlangoni likiwangoja wanawe.

Mjane hakujificha, wala hakukimbia usiku. Alikwenda kwa nabii Elisha, akamweleza yote. Nabii akamwuliza kwanza ana kitu gani nyumbani. Hakuwa na kitu, ila chupa ya mafuta. Elisha akamwagiza akaazime vyombo vitupu kwa majirani, vingi, kisha ajifungie ndani pamoja na wanawe na kumimina. Akamimina, vyombo vikajaa vyote, na mafuta yakakoma pale chombo kilipokosekana. Ndipo nabii akampa agizo la mwisho: auze mafuta, alipe deni lake, na yeye na wanawe waishi kwa yale yatakayobaki.

Ajabu ni ya Mungu, lakini mpango wake ni fundisho kwa watu wote. Kwanza, mjane alisema ukweli mapema. Pili, alianza na kile kidogo alichokuwa nacho. Tatu, alifanya kazi pamoja na wanawe. Nne, hata yeye aliazima, lakini aliazima vyombo vya kufanyia kazi, vitu vinavyoweza kurudishwa vizima, wala hakuazima chakula cha karamu. Tano, na hili ndilo kubwa, agizo lilikuwa na utaratibu: kuuza, kulipa, kisha kuishi kwa kilichobaki. Vijana wengi huligeuza. Wakiuza gunia la mahindi, huishi kwanza, na deni hulipwa kwa kilichobaki. Na kilichobaki mara nyingi hakipo.

KUHESABU KABLA YA KUKOPA

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, Bwana Yezu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Je, hataketi kwanza ahesabu gharama? Akianza msingi na kushindwa kumaliza, wapita njia watamcheka. Bwana alisema hayo juu ya kumfuata yeye, na wakatekumeni wanajua kwamba kumfuata kunataka kuhesabu. Lakini mtu asiyeweza kuhesabu franka zake, atahesabuje gharama ya kumfuata Kristu maisha yote?

Basi kijana anayetaka kukopa aketi kwanza, ajiulize mambo manne.

La kwanza: kitu hiki ni cha lazima? Dawa ya mtoto mgonjwa ni ya lazima. Ada ya shule yaweza kuwa ya lazima. Viatu vya kuonekana arusini si vya lazima.

La pili: kitu hiki kitazaa? Mbegu huzaa, jembe huzaa, wavu huzaa, baiskeli ya kubebea magunia ya muhogo huzaa. Pombe haizai, na shati halizai. Deni la kuzaa laweza kujilipa lenyewe. Deni la kula hulipwa na jasho la kazi nyingine.

La tatu: nitalipa kwa kitu gani, na mvua ikikosa nitafanyaje? Kijana asiliweke rehani vuno lote ambalo bado limo ardhini. Akitumaini magunia kumi, asikope zaidi ya bei ya mawili au matatu. Hivyo, shamba likimpa magunia matano tu, atalipa na bado atakula.

La nne: nani anajua? Deni linalofichwa kwa mke, kwa mchumba au kwa wazazi, kwa kawaida ni deni ambalo moyo wenyewe umekwisha kulihukumu. Wanaotaka kufunga ndoa wataishi kutoka chungu kimoja. Haifai mmoja akute siku ya tatu ya arusi kwamba chungu kimetobolewa zamani.

Siku hizi simu nazo hukopesha. Mtu hubonyeza tu, akapata fedha au maneno ya kusemea, na akitia fedha tena, deni hukatwa kwanza pamoja na faida ya mkopeshaji. Kwa kuwa hakuna uso wa mtu wa kumwonea haya, kijana husahau kwamba amekopa. Lakini deni lisilo na uso ni deni pia, na mambo manne yale yale yafaa kuulizwa kabla ya kubonyeza.

RIBA INAVYOKUA

Kijana wa mfano alidhani riba ya 20 kwa 100 ni kidogo. Na ahesabu pamoja na wasomaji. Kama mtu amekopa franka 100,000 kwa riba hiyo kila mwezi, asilipe kitu, na riba ikaongezwa juu ya deni, mwezi wa kwanza deni ni 120,000. Wa pili 144,000. Wa tatu 172,800. Na wa nne 207,360. Kwa miezi minne tu deni limepita mara mbili. Mwaka ukitimia, ni franka 891,610, yaani karibu mara tisa. Hakuna shamba kijijini linalokua upesi hivyo. Ndiyo maana Kitabu cha Methali chasema kwamba anayekopa huwa mtumishi wa anayekopesha: jembe liko mkononi mwake, lakini mavuno ni ya mwingine.

Kanisa limepigana na riba ya kukamua masikini kwa karne nyingi. Huko Perugia, nchini Italia, mwaka 1462, Wafransisko walisaidia kufungua nyumba ambamo masikini aliweza kuweka kitu chake rehani na kupata mkopo kwa malipo madogo, ili asiangukie mikononi mwa wenye riba kali. Watu wengine walibishana juu ya malipo yale madogo, mpaka Papa Leo wa 10, katika Mtaguso wa Laterano, mwaka 1515, akathibitisha kwamba yafaa, kwa kuwa yalikuwa ya kuendesha kazi ile tu. Kwa hiyo si kila malipo juu ya mkopo ni dhambi. Dhambi ni kuifanya shida ya ndugu kuwa shamba la kuvuna.

Mwenye kukopesha naye asikilize. Torati ya Musa ilimkataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ni kuchukua uhai wa mtu. Vivyo hivyo haifai leo kuchukua jembe la mkulima au wavu wa mvuvi. Ikiwa amechukua vazi la masikini, alirudishe kabla jua halijatua, kwa sababu masikini hana kingine cha kujifunika usiku. Asiingie kwa nguvu nyumbani mwa mdeni. Asimame nje, angoje. Na wakati wa Nehemia, watu wa Yerusalemu walipokuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, hata binti zao wakawa watumwa, Nehemia aliwakasirikia wakubwa, akawaagiza warudishe mashamba siku ile ile. Na Bwana Yezu alisema juu ya mtumishi aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Anayedai adai haki yake, lakini akumbuke ni kiasi gani amesamehewa yeye.

KUMSIMAMIA MWENZAKO

Huja siku rafiki akasema, «Njoo uwe mdhamini wangu, ni kutia jina tu.» Hakuna kutia jina tu. Kitabu cha Methali, katika sura ya sita, chamwonya kijana aliyejifunga kwa ajili ya mwingine: aende upesi akajitoe, asipewe usingizi, kama paa anayejinasua katika mtego.

Lakini Mtakatifu Paulo alimsimamia Onesimo, mtumwa aliyekuwa amemkimbia bwana wake Filemoni. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba, ikiwa Onesimo ana deni, lihesabiwe juu yake, naye atalipa. Je, kuna kupingana? Hapana. Paulo alimjua Onesimo, alijua anachoahidi, na alikuwa tayari kulipa. Huo ndio udhamini wa Kikristu. Kijana asiyeweza kulipa deni la rafiki yake asimdhamini. Amsaidie kwa njia nyingine.

Tena kuandika si kukosa imani kwa ndugu. Tobiti, mtu mwenye haki, alipoweka talanta 10 za fedha mikononi mwa Gabaeli, palikuwapo hati. Miaka mingi ikapita, Tobiti akawa kipofu na masikini. Malaika Rafaeli alipoipeleka ile hati, Gabaeli alitoa mifuko ingali na mihuri yake. Hati ililinda fedha, na uaminifu ulilinda hati.

KUWEKA PAMOJA

Njia iliyo bora kuliko mkopo wa riba ni watu kuweka pamoja. Wakongo waijua likelemba. Watu kumi hutoa kila mwezi franka 10,000 kila mmoja, na mmoja kwa zamu hupokea franka 100,000. Hakuna riba. Lakini aliyepokea wa kwanza asisahau: siku ile ametoa 10,000 na kupokea 100,000, basi ana deni la franka 90,000 kwa wenzake tisa. Akiacha kutoa mwezi unaofuata, amewaibia watu tisa kwa mkono mmoja.

Katika vijiji vingi kuna pia vikundi vyenye kisanduku. Wanakikundi huleta akiba kila juma au kila mwezi, hukopeshana kutoka humo, na faida ndogo hubaki kwao wenyewe. Mara nyingi kisanduku kina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu, hivi kwamba hakuna mmoja awezaye kukifungua peke yake. Na hesabu hufanywa mbele ya wote. Njia hiyo ilianza nchini Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijijini, wengi wasiojua kusoma. Zamani zaidi, mwaka 1864, Raiffeisen alianzisha huko Heddesdorf, Ujerumani, chama cha wakulima cha kuweka na kukopa, ili wakulima waokoke na wenye riba. Watu wale hawakuwa matajiri. Walikuwa na kidogo kidogo, kama mjane na chupa yake, wakakubali kuweka pamoja na kuaminiana. Haba na haba hujaza kibaba.

ASIYEWEZA KULIPA AFANYEJE?

Mkatekumeni mwenye deni asidhani kwamba Ubatizo utalifuta. Maji ya Ubatizo huondoa dhambi zote, lakini hayamrudishii jirani mbuzi wake. Zakayo alipopokea msamaha, alisimama mara moja akaahidi kurudisha, tena mara nne, kwa kila mtu aliyemdhulumu. Hiyo ndiyo alama kwamba wokovu uliingia nyumbani mwake.

Basi asiyeweza kulipa afanye hivi. Aende kwa mwenye kudai kabla ya siku ya ahadi, si baada yake. Aseme ukweli bila visa. Apeleke chochote alicho nacho, hata kama ni kidogo, kwa maana franka chache zilizoletwa kwa mkono wake zina sauti kuliko ahadi kumi. Akiwa na madeni mengi, ayaandike yote. Kisha alipe kwanza lile linalokua, lakini si kwa kuwaficha wale wengine. Na asikope kwa mmoja ili amlipe mwingine, asije akachimba shimo ili kufukia shimo.

NA KIJANA YULE?

Mwalimu wa kijiji alikwenda kumtafuta jioni ya Dominika ya tatu. Hakumkemea. Aliketi juu ya gogo, akatoa daftari, akasema, «Mwanangu, niambie yote.» Kijana aliona haya, kisha akasema. Mwalimu akaandika. Kwa mjini, 100,000, na riba ya mwezi ule wa tano, 20,000. Kwa mama, 40,000. Jumla, franka 160,000. Kijana akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Miezi mitano alikuwa ameliogopa deni lisilo na mwisho. Sasa lilikuwa na mwisho, katika mistari mitatu.

«Una nini nyumbani?» mwalimu akauliza, kama alivyouliza nabii.

Kijana alikuwa na simu, na alikuwa na mbuzi mmoja. Simu aliitaja upesi. Mbuzi alichelewa kumtaja, kwa maana alikuwa wa mahari. Kumwuza maana yake kumwambia mchumba na jamaa yake kwamba ndoa itangoje. Mwalimu hakumsaidia kuchagua; alimwacha asali.

Kesho yake asubuhi kijana alipita njia ya katikati ya kijiji. Akasimama mbele ya nyumba ya mama muuza ndagala, akapiga magoti, akasema, «Mama, nina deni lako. Niliogopa kupita hapa.»

Mama akaweka chini ungo wake. «Fedha niliingoja,» alisema, «lakini zaidi nilikungoja wewe. Hata salamu ulininyima.»

Kijana akamweleza shauri lake: deni la mjini hukua kila mwezi, na deni la mama halikui, je, mama ataridhika alipe kwanza lile? Mama akaridhika. Mbuzi na simu vikauzwa, vikatoa franka 130,000. Zile 120,000 zikaenda mjini, na kijana akadai karatasi yake, akaipasua mbele ya mwenye riba. Zile 10,000 zilizobaki akazipeleka kwa mama siku ile ile, wala hakununua kitu njiani. Zikabaki 30,000, akaahidi 10,000 kila mwezi.

Kwa mchumba wake alikwenda jioni. Huko ndiko kulikuwa kugumu. Msichana alilia, kisha akakasirika, si kwa ajili ya mbuzi, bali kwa miezi mitano ya kufichwa. Alinyamaza siku nyingi. Mwisho alituma neno kwamba atangoja msimu mmoja, kwa sharti kwamba tangu sasa hesabu zote zitaandikwa katika daftari moja nao wataisoma wawili. Kijana akakubali. Ndoa yao ilianza siku ile, ingawa arusi ilikuwa bado mbali.

Usiku wa Pasaka kijana alipobatizwa, alikuwa bado na deni la franka 10,000. Hakuna aliyemzuia, kwa maana alikuwa mdeni mwaminifu. Alikuja kwa njia iliyopita mbele ya nyumba ya mama, na mama alitembea pamoja naye mpaka kapelani.

MAULIZO YA KUKUMBUKA

Ulizo: Je, kukopa ni dhambi?
Jibu: Kukopa si dhambi; dhambi ni kukopa bila nia ya kulipa, au kukataa kulipa wakati mtu anaweza.

Ulizo: Mkristu ahesabu nini kabla ya kukopa?
Jibu: Ahesabu kama kitu ni cha lazima, kama kitazaa, atakilipa kwa nini, na kama watu wa nyumbani wanajua.

Ulizo: Mjane wa Elisha alifanya nini na mafuta?
Jibu: Aliyauza, akalipa deni, kisha akaishi na wanawe kwa yaliyobaki.

Ulizo: Je, Ubatizo hufuta deni?
Jibu: Ubatizo hufuta dhambi, mali ya jirani lazima irudishwe.

Ulizo: Asiyeweza kulipa afanyeje?
Jibu: Aende mapema, aseme ukweli, alipe kidogo kidogo, asijifiche.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mkatekumeni aandike madeni yake yote, au amwombe mwenzake kumwandikia. Kisha amwendee mtu mmoja anayemkwepa, amsalimu, na kumwambia siku atakayolipa.

SALA

Bwana Yezu, ulilipa deni letu ambalo hatukuweza kulilipa. Unipe moyo wa kutaka kidogo, mikono ya kufanya kazi, na ulimi wa kusema kweli. Nikikopa, nikumbuke. Nikikopesha, nihurumie. Unifundishe kutembea katika njia ya kijiji bila kumkwepa mtu, mpaka nifike nyumbani kwako. Amina.